Gongo Lenye Leseni: Safari ya Mvua Kusini mwa Morisi

Nimekwisha kuandika mara nyingi kuhusu katiba, kuhusu mikopo ya wanafunzi na kuhusu bei ya korosho. Kuhusu mama yangu sijawahi kuandika. Sababu yake ni nyepesi, na ina aibu ndani yake: mama alikuwa mpika gongo, nami nina shahada ya uzamivu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikijaza fomu za wasifu, na kila ninapofika penye swali la kazi ya mzazi huandika neno moja tu, "mkulima". Si uongo, alilima pia. Lakini ada yangu ya sekondari haikulipwa na jembe, na mimi ninajua hivyo, na yeye anajua kwamba ninajua.

Nilidhani ningeweza kuendelea hivyo hadi kustaafu. Kilichonishtua ni mvua ya kisiwa cha mbali, na mtambo mmoja wa shaba uliong'arishwa hata mtu akaweza kujitazama uso wake ndani yake.

Mwanzoni mwa Februari nilikuwa Morisi kwa kongamano dogo la historia ya kazi katika Bahari ya Hindi, lililofanyika Réduit. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa kisiwani humo, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1835 ndipo utumwa ulipofutwa rasmi. Kongamano lilipokwisha tulibakiwa na siku moja kabla ya ndege. Mwenzangu, mhadhiri wa sheria kutoka Kampala, akapendekeza tukodi gari twende kusini tukaone mlima Le Morne, kisha tupande Chamarel kwenye kiwanda cha ramu. Alikuwa na shauku ya kiwanda kuliko mlima. Mimi nilikubali kwa ajili ya mlima.

Tulianza safari saa mbili asubuhi, na mvua ilikuwa imekwisha kuanza kabla yetu. Dereva wetu, mzee Mkrioli wa miaka sitini na kitu, alituambia tulipokuwa tukipita Curepipe, mji wa nyanda za juu, kwamba huko kuna misimu miwili tu, wa mvua na wa mvua nyingi. Redio ya gari ilikuwa ikizungumza juu ya kimbunga kilichokuwa bado mbali baharini. Wenzetu wana maonyo ya vimbunga ya madaraja manne, na likifika la tatu watu hufunga milango wakatulia majumbani. Siku ile hatukuwa na onyo lolote. Mvua tu, ile isiyo na radi wala haraka, inayonyesha kama mtu aliyelipwa kwa siku.

Pande zote mbili za barabara palikuwa na miwa. Katikati ya mashamba yapo malundo ya mawe meusi ya volkano, mengine marefu kuliko nyumba, yaliyopangwa kama piramidi zilizokatwa vichwa. Mgeni huyadhania makaburi. Ni mawe yaliyoondolewa shambani kwa mikono, kwanza na watumwa, kisha na vibarua wa mkataba kutoka India, ili muwa upate mahali pa kuota. Waholanzi waliuleta muwa kutoka Java mwaka 1639, Wafaransa wakaujengea uchumi, Waingereza wakauchukua pamoja na kisiwa mwaka 1810. Utumwa ulipokuwa ukikaribia kufutwa, meli za vibarua zilianza kuja. Tangu mwaka 1834 hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini watu karibu nusu milioni walipitia bandari ya Port Louis, wengi wao Wahindi. Nimefundisha habari hizi miaka kumi na mitatu. Sikuwahi kufikiri juu ya mawe.

Tulipofika pwani ya kusini bahari ilikuwa ya kijivu kama mbingu. Baada ya Baie du Cap barabara hujikunja ghafla kuuzunguka mwamba mkubwa unaoingia baharini, na mawimbi hupiga chini yake kwa nguvu kiasi kwamba maji yalirushwa hadi kwenye kioo chetu. Dereva alisema mahali hapo panaitwa Macondé. Nilimwomba arudie. Akarudia, akanionyesha jina lilivyoandikwa.

Nikamwambia, "Mzee, mimi ni Mmakonde."

Alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni, akageuka kunitazama vizuri, kama mtu anayetazama noti aliyoitilia shaka. Kisha akaniuliza kwa mshangao usio na utani, "Misie, kumbe bado mpo?"

Mwenzangu wa Kampala alicheka hadi akavua miwani. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kilikatika mapema. Wapo wasemao kwamba jina la mwamba ule latokana na watu wetu waliopelekwa kule, na kwamba watoro walijificha katika mapango na misitu ya upande huo wa kisiwa. Sikuhitaji hakika ya mwanaisimu ili nishuke garini. Nilishuka, nikapanda ngazi za mwamba, nikasimama kwenye mvua nikiwa na koti la kongamano. Sikuomba, sikulia, wala sikupiga picha. Nilisimama tu.

Ndugu msomaji, katika mihadhara yetu tuna desturi ya kusema "walichukuliwa", na kitenzi hicho cha kutendwa kimetusaidia kukwepa maswali mengi. Nani aliwatoa? Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na zaidi ya hizo piasta mbili za zawadi kwa Sultani mwenyewe kwa kila kichwa. Mkataba uliwekwa uwe wa miaka mia moja. Waliokuwa wakiteremshwa pwani kutoka bara la kusini hawakuulizwa kabila lao walipofika Morisi. Wote waliitwa kwa jina moja, "Mozambiki", hata yule aliyezaliwa kaskazini ya Ruvuma. Zile piasta mbili ndizo ninazozifikiria kila ninaposoma habari za mikataba yetu ya siku hizi. Daima pana piasta mbili mahali fulani, na daima ni kwa kila kichwa.

Nasi tuliobaki tulibakije? Wazee wetu walipanda juu ya uwanda wa Makonde, mahali pasipo na mto wala chemchemi, wakiwakimbia wavamizi na wasaka watumwa. Wasaka watumwa hawakupenda kupanda mahali ambapo wangekufa kwa kiu. Kiu ndiyo iliyokuwa ngome yetu. Bibi yangu aliteremka genge usiku wa manane kwenda bondeni kuteka maji, akarudi jua likiwa limewaka, na mtungi mmoja ulikuwa wa siku nzima. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa ili dereva yule aje aniulize kama bado tupo.

Mlima Le Morne hatukuuona. Wingu lilikuwa limeukalia hadi magotini. Simulizi ya kisiwa ni kwamba watumwa watoro waliishi juu yake, na kwamba walipoona askari wakipanda kuwatangazia kuwa wako huru, walidhani wamekuja kuwakamata, wakajirusha kutoka kileleni. Mahali hapo pametambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Nitaongeza jambo moja ambalo si simulizi bali ni hesabu: Uingereza ilipofuta utumwa ilitenga pauni milioni 20 za fidia katika himaya yake, na zaidi ya milioni mbili zikaja Morisi. Fidia ilikuwa ya wenye watumwa. Watumwa wenyewe walitakiwa wabaki kwa mabwana zao kama "wanagenzi" hadi mwaka 1839. Nasema haya kwa sababu fedha zile hazikuyeyuka. Mtaji huwa na kumbukumbu nzuri kuliko watu.

Kutoka Case Noyale barabara hupanda Chamarel kwa kona kali, na siku ile ilikuwa imegeuka kijito. Katikati ya kilima tope lilikuwa limeporomoka na kuziba njia. Wafanyakazi wenye makoti ya njano walikuwa wakilikwangua, nasi tukangoja dakika arobaini ndani ya gari vioo vikiwa vimejaa ukungu. Hapo ndipo mwenzangu alipoanza kuzungumzia sheria, kwa kuwa mwanasheria akikosa la kufanya hufanya hilo.

Aliniambia kwamba kwao Uganda ipo Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, iliyomtaka mtu asitoneshe pombe kali ya kienyeji bila leseni, na kwamba mzalishaji mdogo alitakiwa auze alichotonesha kwa kiwanda kikubwa, kikasafishwe na kupewa chupa na jina. Ndivyo ilivyozaliwa waragi tunayoifahamu madukani. Nikamwambia sisi tuna Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ndugu yake wa mwaka mmoja baadaye. Tukakumbushana kwamba mizizi ni ya zamani zaidi: Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambamo madola ya kikoloni yalikubaliana kupiga marufuku utengenezaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Yaani Mzungu aliyekunywa wiski klabuni alikubaliana na Mzungu mwenzake kwamba Mwafrika asitoneshe. Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera, wimbo na majina ya mitaa, lakini bomba la shaba likabaki kuwa kosa la jinai hadi upate karatasi.

"Daktari," akaniuliza, "wewe umeipatia wapi habari hii ya moshi? Si eneo lako la utafiti."

Nikamjibu kwamba nilisoma mahali fulani.

Kiwanda cha Chamarel kilifunguliwa mwaka 2008. Kimezungukwa na mashamba yake ya miwa na mananasi, kuna mgahawa, duka na bustani, na paa refu la mbao ambalo siku ile lilikuwa likimwaga maji pande zote kama pazia. Tulilipa kiingilio. Msichana aliyetutembeza alikuwa na adabu na maarifa. Alitueleza kwamba mavuno huanza katikati ya mwaka na kwisha mwishoni mwake, hivyo Februari vinu vimelala. Muwa uliokuwa shambani ulikuwa bado unakunywa mvua. Kisha akaeleza kazi yenyewe. Muwa hukatwa kwa mkono, hukamuliwa haraka kabla juisi haijaharibika, juisi huachwa ichachuke, kisha huchemshwa. Ramu nyingi duniani hutokana na molasi, yale masalio meusi ya kiwanda cha sukari. Hii ya kwao hutokana na juisi mbichi ya muwa.

Akatufikisha mbele ya mtambo. Chungu kikubwa cha shaba chenye tumbo la duara na shingo ndefu iliyoinama, kisha bomba linaloingia katika pipa la kupozea. Akasema mvuke hupanda, hupita shingoni, hukutana na ubaridi, hugeuka matone. Matone ya kwanza, akasema, huitwa kichwa, na hutupwa, kwa kuwa yana sumu na harufu mbaya. Yanayofuata ni moyo, na ndiyo ramu. Ya mwisho ni mkia, nayo huondolewa au hurudishwa kuchemshwa tena.

Kichwa, moyo na mkia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne nilipofundishwa somo hilo, na mwalimu wangu hakuwa na sare.

Mtambo wa mama ulikuwa pipa la chuma juu ya mafiga matatu. Mfuniko ulizibwa kwa udongo uliokandwa na majivu ili mvuke usitoroke. Bomba la shaba, lenye urefu kama mtu mzima na nusu, lilitoka mfunikoni likapita katika hori la mti lililojaa maji, na upande wa pili pakawekwa chupa yenye kipande cha pamba shingoni. Ndani ya pipa mlikuwa na mabibo. Asiyetoka kusini huenda hajui kwamba kila korosho huning'inia chini ya tunda, bibo, lenye uzito mara kadhaa wa korosho yenyewe. Korosho huenda mnadani, hukatwa tozo, huingia katika hotuba za wabunge. Mwaka 2018 wanajeshi walitumwa kuisomba. Bibo hakuna aliyelituma mtu. Huoza chini ya mti, na nzi ndio washitiri wake. Wanawake wa kwetu walilikamua wakapata uraka, pombe tamu ya siku moja. Na waliokuwa na bomba waliuchemsha uraka wakapata gongo.

Kikombe cha kwanza mama alikimwaga chini. Alisema ni cha mizimu. Nilipoanza kusoma kemia nilimweleza, kwa kiburi cha mtoto wa kidato cha kwanza, kwamba mwalimu amesema katika umajimaji ule wa kwanza mna vitu vinavyochemka mapema na kudhuru mwili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndiyo maana tunawapa waliokwisha kufa." Msichana wa Chamarel naye alituambia kwamba ramu inapolala miaka katika mapipa ya mwaloni sehemu yake hupotea hewani kila mwaka, na Wafaransa huiita fungu la malaika. Malaika wao wana fungu katika vitabu vya hesabu. Mizimu yetu ilikunywa bila risiti.

Kazi ile ilihitaji maji, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Maji ya kwenye hori huwaka moto upesi, sharti yabadilishwe, na katika uwanda wa Makonde ndoo moja ya maji ilikuwa na heshima kuliko mbuzi. Mama aliyatumia maji ya kupozea mara tatu: aliyaacha yapoe usiku, akayatumia tena, kisha akayafulia. Mvua za Desemba zilipoanza alifurahi kwa namna ambayo sikuielewa hadi nilipokuwa mkubwa. Mvua ililijaza hori bure. Mvua iliuzima moshi usionekane mbali. Na mvua iliharibu barabara, na barabara ikiharibika, gari la polisi halikuja. Katika utoto wangu mvua ilikuwa na harufu ya mabibo yanayochemka, na mpaka leo nikisikia inavyopiga bati nahisi tuko salama.

Mwaka 1994 nikiwa kidato cha pili walikuja wakati wa jua, kwa miguu. Alilala mahabusu siku mbili, akatozwa faini, na bomba likachukuliwa kuwa ushahidi. Wiki tatu baadaye mmoja wa waliolichukua alimuuzia bomba lile lile. Alilitambua kwa kovu la risasi ya kulehemu karibu na kona. Hakulalamika, alisema bei ilikuwa nafuu kuliko jipya.

Sitaki mtu anielewe vibaya, hasa vijana wanaopenda kunigeuza nabii wa jambo ambalo sikulisema. Gongo huua. Majirani zetu wa Kenya walizika makumi ya watu mwaka 2014 kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, nasi tumezika wetu kimya kimya. Na sina haja ya kwenda mbali. Kaka mkubwa wa mama, mjomba wangu, ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo wetu, kwa maana kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na baba ni mgeni wa heshima. Mjomba alikunywa kwa dada yake bila kulipa, kama ilivyokuwa haki yake. Mwaka 1997 tumbo lilimvimba, macho yakawa ya manjano kama bibo lililoiva. Tulimzika Julai. Oktoba mabibo yalipoanza kudondoka mama aliwasha moto tena. Nilikuwa nimeanza kidato cha tano.

Sijawahi kumuuliza alifikiri nini alipouwasha moto ule. Mimi ndiye niliyekuwa jibu, na jibu halina ujasiri wa kuliuliza swali lake.

Nilikuwa nimezama huko niliposikia mwenzangu akimuuliza msichana swali la kisheria: kwa nini kiwanda kilifunguliwa mwaka 2008 tu, ilhali muwa upo kisiwani kwa karne nyingi? Akajibu kwamba zamani sheria haikuruhusu kutengeneza ramu ya juisi ya muwa. Muwa ulikuwa wa sukari. Ruhusa ilikuja mwaka 2006.

Mwaka huo si wa bahati nasibu. Tangu mwaka 1975 Morisi ilikuwa ikiiuzia Ulaya karibu nusu milioni ya tani za sukari kila mwaka kwa bei ya upendeleo. Mwaka 2006 Ulaya ilianza kupunguza bei hiyo, jumla ya asilimia 36 kwa miaka michache, na mwaka 2009 itifaki yenyewe ikafikia mwisho. Serikali ya Morisi haikukaa ikisubiri. Ilipanga upya sekta nzima: viwanda vikaunganishwa, makapi ya muwa yakachomwa kuzalisha umeme wa taifa, sukari ikaanza kusafishwa nyumbani badala ya kuuzwa ghafi, na sheria ya ramu ikalegezwa. Hii ni siasa ya uchumi ya watu wanaofikiri, nami nawapa heshima yao. Wenzetu wa Goa, India, wana pombe kali ya mabibo, matunda yale yale ya kwetu, iitwayo feni. Tangu mwaka 2009 jina hilo limelindwa kisheria kama alama ya mahali lilipotoka. Bibo ni lile lile. Mvuke ni ule ule. Hakuna tofauti ya kemia kati ya mwanamke wa Newala na mtoneshaji wa Goa. Tofauti iko Wizarani.

Lakini nilipokuwa nikitoka nilimuuliza dereva, aliyekuwa akitungoja chini ya paa, kama kabla ya mwaka 2006 watu wa kijijini hawakutonesha. Alinitazama tena kwa lile jicho la Macondé. Akasema mbona wametonesha siku zote, na jina lake ni tilambik, na baba yake alikuwa nayo nyuma ya banda la nguruwe. Nikamuuliza, sheria ilipolegezwa, baba yake alipata leseni?

"Misie," akasema, "leseni ina mlango, lakini mlango una ngazi."

Nimeishi na jibu hilo miezi kadhaa sasa. Waliokuwa na ardhi, benki na wanasheria walivuka mwaka 2006 wakiwa na ramu ya heshima. Waliokuwa na banda la nguruwe walibaki na tilambik. Sheria yetu ya mwaka 1966 nayo, ukiisoma kwa utulivu, haisemi kwamba mama yangu hawezi kutonesha. Inasema awe na leseni. Na watumishi wa umma wanaosoma maandishi haya, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, nawauliza swali la kiofisi kabisa: katika wilaya zenu, tangu mlipoajiriwa, mmewahi kuiona fomu ya kuombea leseni hiyo? Ipo dirisha gani? Nani humfundisha mwombaji kupima kichwa na moyo kwa kipimajoto badala ya kwa mizimu? Maana kama mjomba wangu angekunywa pombe iliyopimwa, na kama mama angekuwa na haki ya kumfukuza mlevi bila kuogopa kwamba mlevi ataenda kumshitaki kituoni, huenda... Lakini naacha. Mjomba alikuwa mjomba.

Niliionja ramu yao, sitajifanya mtakatifu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye harufu ya majani mabichi, na niliposhusha pumzi niliikuta mwishoni ile harufu ninayoijua. Mwenzangu aliniuliza kama imenipanda kichwani, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mekundu. Nilinunua chupa ndogo kwa zaidi ya rupia elfu moja. Tulipokuwa tukishuka kilima nilimweleza yeye na dereva habari zote, kuanzia pipa hadi mahabusu. Hawakusema neno kwa muda. Kisha mzee yule akazima redio.

Sikukuu ya Pasaka niliipeleka chupa ile Newala. Mama sasa ana zaidi ya miaka sabini, hanywi, na bomba lake liko darini, limezungushiwa gunia. Nilimwonyesha katika simu picha za mtambo. Aliikuza picha kwa vidole, akaitazama ile shingo ya shaba kwa muda mrefu, kama fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwingine. Akafungua chupa, akamimina tone kiganjani, akasugua viganja, akanusa.

"Bomba lao ni safi," akasema. "Cha kwanza walikimwaga."

Nilimtajia bei, nikaibadilisha kwa shilingi. Nilitegemea angeshangaa au angecheka. Hakujishughulisha na bei.

"Chungu chote hicho," akasema, "maji ya kupozea wanayatoa wapi?"

Nikamwambia kwamba huko mvua ilinyesha siku nzima bila kukatika, na kwamba maji yaliteremka barabarani kama mto, hata tope likaziba njia na gari letu likashindwa kupita.

Alinyamaza kidogo, akaifunga chupa.

"Yanateremka tu? Hakuna anayeyakinga?"